Diski Mbili Juu ya Meza ya Fundi

Kompyuta yangu ilianza kugonga mwanzoni mwa mwezi wa nane. Haikuwa sauti kubwa. Tik, kisha kimya, kisha tik mbili, kama mtu anayegusa mlango kwa ukucha huku akiogopa kuwaamsha wenye nyumba. Nilikuwa na desturi ya kuifungua kila asubuhi baada ya maombi, nisome majina ya kilima kimoja, nimshukuru Mungu kwa kila jina, kisha niifunge ili nisimalize umeme wa jua. Asubuhi ile majina yalichelewa kutokea. Siku ya tatu hayakutokea kabisa.

Yalikuwa majina ya wafu. Nimekuwa shemasi wa kanisa letu, upande wa Nyabiondo, kwa zaidi ya miaka thelathini, na kazi kubwa ya shemasi kwetu ni kuzika. Hatuna uwanja mmoja wa makaburi. Mtu anazikwa katika shamba lake au la ndugu yake, tunasimika msalaba wa mti, na mti huo unaoza baada ya misimu miwili ya mvua. Zamani hilo halikuwa tatizo, maana waliozika ndio waliolima, na walijua pa kuruka na jembe. Lakini watu walipoanza kukimbia na kukaa mbali miaka mingi, majani yalifunga kila kitu. Anayerudi hajui asimame wapi.

Ndiyo sababu nilianza kuandika. Jina, siku, shamba la nani, halafu namna ya kupafikia mahali penyewe: kutoka jiwe gani, hatua ngapi, kuelekea wapi. Kwanza niliandika katika madaftari, baadaye katika kompyuta niliyoachiwa na mkwe wangu mwalimu. Kila kilima nilikipa ukurasa wake ndani ya mashine. Wa kwanza ulikuwa wa kilima chetu, kwa sababu mtu wa kwanza niliyemwandika alikuwa mke wangu.

Tulipokimbia mara ya mwisho, madaftari yalibaki kanisani. Waliolala humo baada yetu waliyatumia kuwashia moto. Sikuwalaumu, ilikuwa wakati wa mvua na walikuwa na watoto. Kompyuta niliibeba mgongoni ndani ya gunia la maharagwe, nikafika nayo Mubi kwa binti yangu mdogo, na tangu siku hiyo kila kitu kilikuwa ndani ya mashine ile, na mahali pengine popote hapakuwa na kitu. Binti yangu aliniambia zaidi ya mara moja, "Papa, ufanye kopi." Nilimjibu kwamba nitafanya. Nilikuwa mvumilivu mahali ambapo sikupaswa kuwa mvumilivu.

Siku ya nne ya kugonga kule, simu ililia. Ilikuwa inatoka Mweso.

"Papa Shemasi, ni mimi, muke wa seremala."

"Nakukumbuka, mama. Batoto banaendelea?"

"Banaendelea, Mungu anasaidia. Papa, bashemeji yangu banarudi Nyabiondo kulima. Banasema mvua ikianguka mara mbili, banaingiza jembe mu shamba lote, toka njia mpaka mutoni. Na bwana yangu iko mule. Mimi sijui ni wapi. Bo pia habajui. Wewe njo ulimuzika."

"Njo mimi nilimuzika."

"Basi uniambie. Sitaki jembe limupite juu."

Wiki tuliyomzika seremala tulizika watu watano, kwa haraka, mvua ikinyesha, na mke wake na ndugu zake wote walikuwa wameshakimbia. Nilikumbuka tope kwenye miguu ya wanaume wawili walionisaidia. Nilikumbuka kwamba sanduku tulilomzikia lilitengenezwa kwa mlango wa karakana yake mwenyewe. Mahali penyewe sikukumbuka. Nilikuwa nimepaandika ili nisilazimike kupakumbuka.

"Mama, iko imeandikwa," nilimwambia. "Unipe siku chache."

Nilichukua mashine nikaenda kwa fundi.

Fundi huyu ana kibanda kati ya duka la mabuti na turubai za wachimbaji na mahali malori yanapogeuza. Ni mtu wa msituni, mtoto wa mwindaji, na ananitania kila tunapoonana kwa sababu mimi nimezaliwa katika boma la ng'ombe.

"Papa Shemasi, leo umetuletea maziwa ao ni maneno ya Mungu tu?"

"Leo nimekuletea mugonjwa."

Aliiwasha, akaweka sikio juu yake kama daktari, akaizima upesi. Uso wake ulibadilika.

"Diski njo inakufa. Ile kitu ndani yenye kushika bintu byote. Ukiiwasha tena, unaikatia siku zake."

"Utaitengeneza?"

"Diski hatutengenezi. Tunaihamisha. Tunaleta diski ingine, tunakopia yote toka mwanzo mpaka mwisho, kama bile iko. Lakini ingine itatoka Goma. Ungoje."

Alifungua tumbo la kompyuta kwa bisibisi, akatoa kitu chembamba cha chuma kinachotosha kwenye kiganja, akanipa. "Ulale nayo wewe mwenyewe. Hapa batu ni bengi." Niliifunga katika kitambaa cheupe tunachofunikia mkate wa meza ya Bwana, nikaiweka chini ya Biblia yangu, na kwa siku tisa hakuna mtu aliyeigusa.

Mama wa Mweso alipiga simu mara mbili katika siku hizo. Mara ya kwanza alisema mvua imeanguka huko juu. Mara ya pili alisema imeanguka tena, na shemeji yake mkubwa ameshapanga wakulima kwa Jumatatu. Mama mwenyewe atatoka Mweso Jumapili alfajiri kwa pikipiki, na akishatoka hapo simu haitashika. "Papa, nikiondoka bila kujua, nitafika kuangalia tu namna banalima."

Diski mpya ilifika Ijumaa na lori. Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajajaa, nilikuwa mlangoni kwa fundi na kitambaa changu mkononi. Muuza vifaa wa Goma alikuwa amepata diski ya aina ileile, kipimo kilekile, hata karatasi iliyobandikwa juu ilikuwa ya rangi ileile. Fundi alifurahi. Alinipa ile mpya ikiwa bado katika plastiki.

"Uzitoe zote mbili, uziweke kwa meza. Naenda kuangalia groupe."

Groupe ni jenereta ya jirani yake, na kila kibanda katika mstari ule kinapata umeme kwake. Fundi alitoka. Nilifungua kitambaa, nikafungua plastiki, nikaziweka diski juu ya meza. Sikufikiri. Mikono yangu ilifanya kama ilivyofundishwa tangu nilipokuwa na miaka mitano.

Nyumbani kwa baba yangu, vyombo vya maziwa vilikaa juu ya ubao mmoja. Kilichojaa kilisimama wima na kifuniko chake. Kitupu, kikishaoshwa na kufukizwa moshi, kilipinduliwa kichwa chini. Hakuna aliyeuliza kipi kina maziwa, uliangalia tu. Mtoto aliyesimamisha chombo kitupu alikemewa, maana alidanganya wageni bila kusema neno. Kwa hiyo diski yangu ya zamani, yenye wafu wangu wote, niliiweka vizuri, karatasi yake ikitazama juu. Ile mpya, tupu, niliipindua.

Fundi alirudi akipangusa mafuta mikononi. Watu watatu walikuwa wameshasimama mlangoni na simu zao. Alivuta kisanduku cheusi chenye matundu mawili na taa nne ndogo.

"Hii tundu ni ya mama," alisema, "na hii ni ya mutoto. Mama anamupa mutoto yote. Hakuna maneno mengi."

Alichukua diski moja, mgongo wake ukiniziba nisione ipi, akaisimamisha katika tundu la mama. Akachukua nyingine, akaisimamisha katika tundu la mtoto. Akabonyeza kidude na kukishikilia mpaka taa ya kwanza ikaanza kupepesa. Nilifumba macho nikashukuru. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya fundi, kwa ajili ya dereva wa lori, hata kwa ajili ya yule muuza vifaa nisiyemjua.

Sijui niliomba kwa muda gani. Nilisikia tik. Kisha kimya, kisha tik mbili. Sauti ile nilikuwa nimeisikiliza asubuhi tatu mfululizo, ningeitambua hata sokoni. Nilifumbua macho nikaangalia kisanduku. Nikainama, nikaweka sikio upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Fundi," nilisema, "mbona mutoto njo analia?"

Alikuwa anafungua simu ya mtu. "Batoto bote banalia, Papa."

Mmoja wa wale wa mlangoni alicheka. Mimi sikucheka.

"Mugonjwa iko mu tundu gani?"

"Ya mama. Ile ulinipindulia, tumbo juu."

"Nilipindua ile tupu."

Aliinua kichwa. Kisha mkono wake ulipita juu ya meza ukaangusha bisibisi na misumari midogo yote, akachomoa waya. Taa ilizimika. Ile diski ilizunguka kidogo ikitoa sauti nyembamba, ikasimama.

"Papa, kwangu diski mugonjwa tunaiweka tumbo juu," alisema polepole. "Kile kibao cha kijani njo kiko chini yake. Njo pale tunaangalia kama kimeungua. Kila fundi wa hapa anafanya vile."

"Kwetu chombo kitupu njo tunapindua."

"Mbona haukuniambia?"

"Mbona haukuniuliza?"

Wale wa mlangoni waliondoka mmojammoja bila kuaga. Nilihisi hasira ikinipanda, na hasira ile haikuwa na haki yoyote. Nimefundisha miaka mingi kwamba mtu asikae na ubishi hata jua likazama. Pale kwenye kiti cha plastiki niliona jinsi hata dakika tano zilivyo ndefu.

"Nimekosa, fundi," nilisema mwishowe. "Meza ni yako. Ningeuliza namna munaweka."

"Na mimi nimekosa. Diski ni yako. Ningeuliza ni ipi." Alivuta kiti karibu. "Sikia. Kisanduku kinaandika toka mwanzo. Utupu wa ile mupya umeshaingia mu ile ya zamani, lakini taa ya kwanza ilikuwa haijasimama. Haijafika robo. Bintu bile uliandika kwanza, mara mingi njo binakaa mbele, njo bimepotea. Bile ya mwisho inaweza kuwa hai. Huyu bwana ulimuandika lini?"

"Mwisho kabisa."

"Basi uombe, na mimi nifanye."

Safari hii hakukiamini kisanduku. Alikata vipande viwili vya plasta, akanipa kalamu, akaniambia niandike kwa mkono wangu mwenyewe. Niliandika IMEJAA na TUPU. Neno la kwanza nililikoleza mara mbili. Kisha akaunganisha diski zote mbili na kompyuta yake, akafungua programu inayosoma polepole, ikiruka mahali panapokataa na kupajaribu tena baadaye. Kabla ya kubonyeza alinionyesha jina la kila moja kwenye kioo. "Toka hapa, kwenda hapa. Useme ndiyo." Nilisema ndiyo.

Saa sita simu ililia. Ilikuwa Mweso.

"Papa, pikipiki nimeipata. Kesho alfajiri. Uko na mahali?"

Ningeweza kusema bado kidogo. Lisingekuwa hata uongo.

"Mama, nimefanya kosa. Nimefuta sehemu ya maandishi. Sijui kama yake iko ndani ya ile imefutika."

Nyuma yake niliwasikia watoto, na sufuria.

"Utajua lini?"

"Jioni, Mungu akipenda."

"Niko hapa," alisema, akakata.

Kazi ilienda vizuri mpaka karibu nusu, kisha ikakwama. Namba kwenye kioo haikusogea. Diski iligonga, ikanyamaza, ikagonga. Fundi hakuigusa. Aliniambia kwamba baba yake alimfundisha kukaa bila kupepesa mbele ya tundu la mnyama, na kwamba kazi hii haina tofauti, ila mnyama hanuki. Nilijaribu kusali, maneno hayakuja, nikakaa tu na kusikiliza. Ilipita karibu saa nzima. Jirani alikuja kusema anataka kupumzisha groupe, na fundi akatoka kumbembeleza. Aliporudi namba ilikuwa imesogea. Hatukushangilia. Alikaa mahali pake, nami pangu.

Saa kumi ilimaliza. Fundi aliichomoa diski ya zamani, akaipa pole kwa kuipigapiga kama unavyompiga mbuzi mgongoni, akaiweka kando. Kisha akaanza kutafuta ndani ya nakala.

Kurasa zilirudi bila majina. Badala ya "kilima cha shule" au "kilima cha kisima" tulipata namba tu, moja baada ya nyingine, na kila moja ilibidi tuifungue ili kujua ni nini. Ya kwanza ilikuwa barua ya binti yangu ya kuomba kazi. Ya pili nyimbo za kwaya. Ya tatu ilikuwa majina, na nilipoyaona nilishika ukingo wa meza. Kilima cha shule. Kilikuwa kizima. Tuliendelea. Kilima cha mnada kilikuwa kizima pia. Kilima kingine kilikuwa nusu, kisha alama za ajabu ambazo si lugha ya mtu yeyote. Kila mara fundi alipobonyeza nilijisikia kama mtu anayefunuliwa shuka ili amtambue aliyelala chini yake.

Ya mwisho kufunguka, au karibu ya mwisho, ilikuwa ya kilima cha kisima. Nilishuka na kidole mpaka chini. Seremala alikuwepo.

Nilimpigia mama wa Mweso hapohapo. Simu ilikataa mara mbili. Mara ya tatu aliitika kabla haijalia vizuri.

"Uandike," nilimwambia.

"Sina kalamu. Nitashika kwa kichwa. Useme."

"Shamba la shemeji yako mukubwa, chini ya njia ya kisima. Kuna jiwe la kunolea mapanga, linafika magotini. Usimame hapo, mugongo kwa njia, uso kwa muto. Hatua kumi na saba. Niliweka mawe matatu pa kichwa, chini ya udongo, kina cha kiganja kimoja."

Alirudia yote, polepole. Kisha akauliza jambo ambalo katika miaka yote ya kuandika sikuwahi kulifikiria.

"Hatua za nani, Papa?"

Fundi, aliyekuwa anasikiliza, aliweka kichwa mezani akacheka bila sauti, kicheko cha mtu aliyechoka. Mimi ni mrefu. Mama yule ananifikia kifuani. Hatua zake kumi na saba zingemwacha mbali na mumewe.

"Zangu," nilisema. "Ni za mutu murefu. Kwenu nani iko kama mimi?"

Alifikiri. "Shemeji mukubwa. Yule wa kulima."

"Basi yeye njo atembee."

Jumapili nilihudhuria ibada, na sikumbuki mahubiri. Jumatatu ilipita. Jumanne nilirudi kwa fundi, akanitengenezea nakala nyingine katika diski ya tatu, na binti yangu akaihifadhi sandukuni mwake. Vilima vitatu havikurudi. Kimoja ni kilima chetu, ukurasa wa kwanza, unaoanza na mke wangu. Yeye simhitaji kwenye mashine, ninaweza kwenda pale nikiwa nimefumba macho. Lakini chini yake walikuwepo wengine ambao siwezi kuwafikia hivyo, na kila siku nampigia simu mtu mmoja wa kule kumuuliza anakumbuka nini. Wengine wanakumbuka vizuri. Wengine wananiambia, Papa, wewe njo uliandika.

Jumatano mama alipiga kutoka Mweso.

Alisimulia kwamba shemeji yake hakutaka. Wakulima walikuwa wameshasimama na majembe, naye alisema shemasi ni mzee, ameota. Mama alimwomba atembee tu, hatua kumi na saba, kisha alime anavyotaka. Shemeji alitembea akiwa amekasirika, akihesabu kwa sauti ili watu wacheke. Hatua ya kumi na tatu alipunguza sauti. Kwenye ya kumi na saba alipiga magoti akafukua kwa mikono, akapata jiwe moja, kisha mawili mengine. Alivua kofia. Hakuna aliyemwambia avue.

"Banalima kuzunguka," mama alisema. "Nimepanda maharagwe pembeni. Juu yake hapana."

Nilimshukuru Mungu pamoja naye kwenye simu mpaka salio lake likakaribia kuisha. Kisha nikamwomba angoje kidogo. Nilichukua daftari jipya ambalo binti yangu alininunulia, na kalamu.

"Sasa uniambie wewe," nilisema. "Toka jiwe."

Aliniambia, na mimi nikaandika: hatua kumi na saba za shemeji mkubwa.